Je, Wajua? Maji ya Burat na hesabu ya watu

Toleo hili tunaelekea Burat, wadi iliyo kando ya mji wa Isiolo, ambako Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wameru na Wasomali huishi jirani na kunywesha mifugo yao kwenye mito ileile. Huku habari za maji ni za kila asubuhi: nani ameenda kuchota, amekuta foleni ya namna gani, mto umefika wapi. Tumekusanya mambo ambayo msomaji anafaa kuyajua, na mengi kati yake anaweza kuyahakiki mwenyewe kwa mtungi wa lita 20 na kipande cha karatasi.

Je, wajua kwamba sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 143,294 katika kaunti nzima ya Isiolo, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 268,002? Hilo ni ongezeko la asilimia 87 ndani ya miaka kumi. Katika muda huohuo Kenya yote iliongezeka kutoka watu milioni 38.6 hadi milioni 47.6, yaani asilimia 23 hivi. Mito ya Isiolo ilibaki ileile. Kabla hatujailaumu mvua peke yake, tuzisome kwanza tarakimu hizo.

Je, wajua kwamba maji ambayo mvua huirudishia Kenya kila mwaka, pamoja na yale yanayoingia kutoka nchi jirani, hukadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 30.7? Mwaka 1969 Wakenya walikuwa milioni 10.9. Ukiwagawia sawasawa, kila mmoja angepata takriban mita za ujazo 2,800 kwa mwaka. Wagawie watu wa sensa ya 2019, kila mmoja anapata 645 hivi. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, au mitungi 50.

Na wajua kipimo kinachotumiwa duniani kusema nchi fulani ina uhaba? Mwaka 1989 mtaalamu wa maji wa Sweden, Malin Falkenmark, alipendekeza tuhesabu maji ya nchi kwa kila kichwa. Kipimo kilichotokana na kazi yake kinasema hivi: chini ya mita za ujazo 1,700 kwa mwaka, nchi imeanza kubanwa, chini ya 1,000, ina uhaba, chini ya 500, uhaba umepindukia. Kenya iko kati ya ngazi hizo mbili za mwisho, na kila sensa inatusogeza chini. Tena huo ni wastani tu. Mtu wa Kisumu ana Ziwa Victoria mbele yake, na mtu wa Leparua, huku Isiolo, ana lagha, yaani mto wa msimu, ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini kwenye wastani wa taifa wote wawili wanahesabiwa sawa.

Je, wajua kwamba kutoka Isiolo mjini hadi kilele cha Mlima Kenya ni takriban kilomita 60 kwa mwendo wa ndege? Miteremko ya kusini-mashariki ya mlima huo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda mlima, humwaga mvua upande ule, kisha huteremka huku ukiwa mkavu. Na asilimia 65 ya ardhi ya Kaunti ya Isiolo inahesabiwa kuwa kame kabisa, yenye mvua ya milimita 150 hadi 250 tu kwa mwaka. Burat ina bahati kidogo kwa kuwa karibu na mlima. Inaishi kwa maji yaliyonyesha kwa watu wengine, yakaja kwa miguu yake kupitia Mto Isiolo na Ewaso Ng'iro.

Je, wajua kwamba barafu ya Mlima Kenya haiinyweshi Burat? Wengi huamini kwamba mito yetu inakauka kwa sababu barafu inakwisha. Ni kweli inakwisha: Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Lakini mchango wake kwa mito ulikuwa mdogo tangu zamani. Mito ya mlima hulishwa na mvua inayonywewa na msitu pamoja na nyasi za juu ya msitu, kisha ikaachiliwa polepole miezi ya kiangazi. Anayekata msitu wa Mlima Kenya anamdhuru mtu wa Burat kuliko jua linaloyeyusha barafu.

Je, wajua kilichotokea Archers Post? Huko, kwenye daraja la barabara ya Marsabit, kuna kituo cha kupima Ewaso Ng'iro, na vipimo vyake ni vya miaka mingi. Katika miaka ya 1960, mwezi wa Februari ambao ndio mkavu kuliko yote, mto ulipitisha pale wastani wa mita za ujazo 9 kwa kila sekunde. Kufikia miaka ya 1990 wastani wa mwezi huohuo ulikuwa umeshuka hadi mita 1 hivi. Mwaka 1984 na miaka kadhaa baada yake mto ulikauka kabisa kwa makumi ya kilomita, jambo ambalo wazee wa pale hawakulizoea.

Sasa weka tarakimu hiyo kando ya nyingine. Bonde la juu la mto huo, yaani Laikipia na miteremko ya mlima, lilikuwa na watu takriban 50,000 mwaka 1960. Mwaka 2000 walikuwa wamefika 500,000. Mashamba makubwa ya walowezi yalikatwakatwa vipande vya ekari mbili tatu, familia zikahamia kutoka nyanda zilizojaa watu, Nanyuki na Timau zikawa miji, na baadaye yakaja mashamba ya maua na mboga za kuuza Ulaya. Kila mmoja aliweka bomba lake mtoni. Watafiti waliolipima bonde hilo waliona kwamba wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya mkondo ilikuwa ikichukuliwa kabla haijateremka kwenye nyanda kavu, na mengi ya maji hayo yalichukuliwa bila kibali.

Aliye juu mngoje chini, husema wahenga. Mtoni ni kinyume: aliye chini ndiye anayengoja.

Je, wajua kwamba watafiti wa Uholanzi walipopima maji yanayotumika kukuza waridi kule Naivasha waligundua kuwa ua moja hutumia lita 7 hadi 13? Hesabu hiyo ni ya Naivasha, lakini waridi ni waridi, na mashada ya Timau hupanda ndege ileile ya kwenda Ulaya. Ua likiwa limetumia lita 10, mawili ni mtungi mmoja. Sisemi mashamba hayo yafungwe. Yameajiri maelfu ya watu, wakiwamo vijana wa Isiolo. Nasema maji yake yapimwe kwa mita, yalipiwe, na mvua ya masika ihifadhiwe kwenye mabwawa ya mashamba hayo ili Februari mto uachwe upite.

Na kabla hatujawaelekezea wa juu kidole peke yao, je, wajua ekari moja ya Burat hunywa kiasi gani? Kando ya Mto Isiolo watu hulima nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Kwa joto la huku, shamba lenye mimea iliyokomaa hupoteza angalau milimita 5 za maji kwa siku. Ekari ni mita za mraba 4,047. Zidisha: zaidi ya lita 20,000 kila siku, yaani mitungi 1,000. Maji hayo yangetosha watu 400 kwa lita 50 kila mmoja. Na hapo tumehesabu yale tu yanayofika kwenye mimea. Mfereji wa udongo unaovuja na kupitia juani unaweza kupoteza nusu ya maji yake njiani, na nusu hiyo haimlishi mtu yeyote. Mipira ya umwagiliaji wa matone huyapeleka maji hadi kwenye shina na kupunguza hasara hiyo kwa kiwango kikubwa. Nikiulizwa kaunti ianze wapi kuokoa maji, nitasema ianze na mifereji hii, kabla ya kuchimba kisima kingine.

Je, wajua mifugo inakunywa kuliko sisi? Ng'ombe wa kienyeji kwenye joto hili anataka lita 25 hadi 40 kwa siku, mbuzi lita 3 hadi 5. Chukua boma lenye watu watano, ng'ombe watano na mbuzi ishirini. Watu wakipata lita 20 kila mmoja, ni lita 100. Ng'ombe ni 150, mbuzi 80. Jumla lita 330, zaidi ya mitungi 16 kila siku ya Mungu. Ndiyo sababu mradi wa maji unaohesabu watu peke yao hukauka mapema kuliko ulivyopangwa.

Ngamia ana hesabu yake. Anaweza kukaa zaidi ya wiki bila kunywa, kisha akanywa lita 100 kwa dakika kumi na kitu. Wafugaji wengi wa kaskazini waliofiwa na ng'ombe wamegeukia ngamia kwa sababu hiyo.

Je, wajua kwamba mwaka 2018, jiji la Cape Town lilipokaribia kuishiwa na maji, wakazi wake waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku kuanzia tarehe 1 Februari? Dunia nzima iliandika habari hiyo kama janga. Sasa mfikirie mama wa Burat anayebeba mtungi mmoja wa lita 20 kwa nyumba ya watu watano. Ni lita 4 kwa kila mtu, za kunywa, kupika, kunawa na kuosha vyombo. Hata kwenye kambi za dharura, wahudumu wa misaada huweka lita 15 kuwa kiwango cha kuanzia. Akibeba mitungi mitatu, amebeba kilo 60 kwa safari tatu, na bado hajafika kiwango hicho kwa kichwa. Cape Town waliokolewa na mvua na nidhamu ya kutumia maji. Mama wa Burat nidhamu hiyo anayo tangu utotoni, na hakuna gazeti lililokuja kumpongeza.

Je, wajua kwamba duniani, katika nyumba saba kati ya kumi zisizo na maji nyumbani, anayekwenda kuchota ni mwanamke au msichana? Mtungi uliokaa kwenye foleni tangu alfajiri, umewekewa jiwe juu ili usipeperushwe na upepo na ushike nafasi, mara nyingi ni wa msichana ambaye kengele ya shule itamkuta bado yuko pale.

Je, wajua kwamba mto uliokauka bado una maji? Kiangazi kikikaza, utaona mama amepiga magoti katikati ya lagha. Anachimba kwa mikono, anautupa mchanga mkavu pembeni, anafika kwenye mchanga mweusi wenye unyevu. Anaendelea mpaka shimo linamfika begani. Kisha anasubiri. Maji hujikusanya chini kidogo kidogo, yakiwa meupe kwa vumbi. Anayachota ya kwanza na kuyamwaga, anachota ya pili na kumpa mbuzi, na yanapotulia ndipo anaanza kujaza mtungi kwa kikombe. Mtungi mmoja unaweza kuchukua nusu saa. Tembo hufanya vivyo hivyo kwa mguu na mkonga, na mashimo yao huwafaa wanyama wengine wakishaondoka.

Mchanga mkubwa ulioshiba unaweza kushika maji ya robo hadi asilimia 40 ya ujazo wake, na jua haliyafikii. Wakamba wa Kitui na Machakos wamelitumia jambo hilo kwa ustadi: wanajenga ukuta wa zege kukata mkondo wa mto wa msimu, mafuriko yanajaza mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga unakuwa tangi. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye mabwawa mengi ya mchanga duniani. Lagha za Isiolo zinastahili kuwa nayo mengi zaidi. Zile ambazo mchanga wake unachotwa na malori ya ujenzi, kwa mji unaokua kwa kasi, zinapoteza tangi lao pamoja na mchanga huo.

Je, wajua silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kukusanya maji ya mvua, hupoteza nini? Isiolo, maji yaliyo wazi hupoteza zaidi ya mita mbili za kina kwa mwaka kwa jua na upepo. Silanga yenye upana wa mita 50 kwa 50 hupoteza angalau lita 12,500 kwa siku, mitungi 625, kabla mbuzi mmoja hajanywa. Silanga nyembamba yenye kina huokoa maji kuliko pana yenye kina kifupi. Uzio na hori la kunyweshea pembeni huzuia ng'ombe kuingia na kuyachafua. Mambo haya si ya siri wala ya gharama kubwa, lakini silanga pana zisizo na uzio zinaendelea kuchimbwa kila msimu wa bajeti.

Je, wajua kwamba Waborana wa Waso, yaani wa bonde la Ewaso Ng'iro, wana serikali ya maji iliyo ya zamani kuliko Kenya yenyewe? Malisho na maji husimamiwa kwa mipaka ya dedha, yaani eneo la malisho la jamii, chini ya baraza la wazee. Ni wao wanaosema mifugo ikae wapi masika, ikae wapi kiangazi, na malisho yapi yawekwe akiba ya wakati mbaya. Kwenye kisima kuna abba herega, msimamizi wa zamu, anayejua ni mifugo ya nani itakunywa leo na ya nani kesho. Katika visima virefu vya Waborana upande wa Ethiopia, ng'ombe huweza kupangiwa zamu kila siku ya tatu. Mgeni hanyimwi maji ya kunywa, lakini anayekuja na kundi sharti aombe na asubiri zamu.

Mfumo huo ulidhoofishwa tangu ukoloni na kuendelea, mipaka mipya na machifu vilipochukua nafasi ya wazee. Palipochimbwa kisima kirefu chenye pampu bila kumuuliza mtu wa dedha, malisho ya akiba yaligeuka makazi ya mwaka mzima, nyasi zikaisha, ugomvi ukaanza. Kwa maoni yangu hakuna mhandisi anayepaswa kutoboa ardhi ya Isiolo kabla ya kukaa na wazee hawa.

Wasomaji wetu walioko Oman watakuwa wameutambua utaratibu huu wa zamu. Je, wajua kwamba falaji za Oman, mifereji inayoleta maji ya chini ya ardhi hadi mashambani, bado hugawa maji kwa muda, na zamani zamu ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku? Falaji tano ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na zaidi ya 3,000 bado zinafanya kazi. Nchi isiyo na mto wa kudumu imelima tende kwa karne nyingi kwa sababu kila mtu alijua zamu yake.

Je, wajua kwamba mwaka 1893 msafiri Mmarekani William Astor Chanler aliufuata Ewaso Ng'iro akitarajia kufika kwenye ziwa kubwa la Lorian? Alikuta kinamasi. Maporomoko ya mto huo bado yana jina lake. Kinamasi cha Lorian nacho kimekuwa kikipungua na kukauka, kwa sababu kiko mwisho wa foleni: kila anayechota kutoka mlimani hadi mji wa Merti amekwisha kuchota kabla yake.

Je, wajua kwamba chini ya sehemu za Isiolo, Wajir na Garissa kuna hazina ya maji inayoitwa Merti? Kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizofunguliwa mwaka 1991, zimenyweshwa na hazina hiyo kwa miongo mitatu. Katikati maji yake ni matamu, pembeni yana chumvi, na ukivuta kupita kiasi chumvi inaweza kusogea. Kwa hiyo si kila kisima kirefu ni baraka. Mwaka 2013 kulitangazwa hazina kubwa ya maji huko Lotikipi, Turkana, na magazeti ya dunia yakasema Kenya imepata maji ya miaka 70. Kisima cha majaribio kilipochimbwa, maji yake yalikutwa na chumvi isiyofaa kunywewa. Tangu hapo, nikisikia mwanasiasa akitangaza kwamba tuko juu ya bahari ya maji matamu, huwa nauliza kwanza cheti cha maabara.

Je, wajua uzito wa ukame uliopita? Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, jambo lililokuwa halijaonekana kwa miaka 40. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Wizara inayosimamia wanyamapori ilihesabu, kwa miezi tisa ya mwaka 2022, tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381 na punda milia wa Grevy 49 waliokufa. Huyu wa mwisho ni mnyama ambaye amebaki kwa maelfu machache tu duniani, na wengi wao wako Kenya, hasa Samburu, Isiolo na Laikipia. Mvua ziliporudi mwaka 2023, mwisho wa mwaka ziligeuka mafuriko, na maji ambayo watu walikuwa wameyalilia kwa miaka mitatu yakapita mbele yao hadi Somalia kwa kuwa hapakuwa na pa kuyaweka.

Je, wajua kwamba Isiolo imepangiwa kuwa jiji la kitalii katika mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012? Jiji lataka maji, na pendekezo lililotolewa ni bwawa kubwa kwenye Ewaso Ng'iro, mahali panapoitwa Crocodile Jaws, mpakani mwa Isiolo na Laikipia. Wafugaji wa chini waliona hatari mara moja: mto uliobaki na mita moja ya ujazo kwa sekunde ukizibwa, Merti itakunywa nini? Tangu mwaka 2013 jamii za bonde hilo zimekuwa zikifanya Msafara wa Ngamia, zikitembea kwa siku kadhaa kando ya mto, Wasamburu na Waborana, Waturkana na Wasomali pamoja, kuutetea. Watu ambao hugombania malisho wametembea njia moja kwa ajili ya mto. Viongozi wanaopanga mabwawa wangefanya vyema kutembea nao hata siku moja.

Je, wajua kwamba maji ni haki yako kisheria? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Katiba hiyo ilizinduliwa Agosti 27, mwezi mmoja baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kutambua haki hiyohiyo, Julai 28. Huduma za maji ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Mto wenyewe uko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ndiyo hutoa vibali vya kuchota. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kila mto ubakiwe na akiba: kiasi cha kukidhi mahitaji ya lazima ya watu na kuuweka mto wenyewe hai. Akiba hiyo inatangulia shamba la mtu yeyote, liwe la maua au la nyanya.

Sheria hiyohiyo inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Huko Timau, kwenye Mto Ngusishi, wakulima wadogo na mashamba makubwa wamekaa kwenye chama kimoja, wakapanga zamu, na maji yakipungua mabomba hupunguzwa ili wa chini wapate. Inawezekana, basi.

Je, wajua chupa ya plastiki angavu inaweza kukulinda na kuhara? Jaza maji yasiyo na tope, funga, ilaze juani kwa saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Maji ya mtoni yenye rangi ya chai yatulizwe na kuchujwa kwanza kwa kitambaa safi. Jua ndilo kitu ambacho Burat haijawahi kupungukiwa.

Je, wajua paa lako linaweza kukupa nini? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba ya mabati ya mita za mraba 40, mwaka wenye mvua ya milimita 400 tu, hupokea lita 16,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zimebaki 12,800, au mitungi 640. Kwa nyumba ya watu watano, lita 20 kila mmoja, hayo ni maji ya siku 128. Ugumu ni tangi. La kuhifadhi yote ni ghali kwa familia nyingi. Hata hivyo tangi la lita 2,000 likijaa ni mitungi 100, safari 100 ambazo msichana hakwenda. Shule na zahanati zenye mapaa mapana ndizo zingepaswa kuwa za kwanza, na inasikitisha kuona jengo la serikali lenye bati jipya, limejengwa kwa fedha nyingi, maji ya paa lake yakichimba mtaro ukutani na kupotea.

Je, wajua kwamba sensa ijayo ya Kenya inatarajiwa mwaka 2029? Isiolo ikiongezeka kwa kasi ileile ya muongo uliohesabiwa, itakaribia watu nusu milioni, na Mto Isiolo ni huu huu.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kama unaishi Burat na paa lako halina mfereji, mtafute fundi Septemba. Kama una pampu mtoni, hudhuria mkutano wa chama cha watumiaji wa mto wako, upeleke kibali chako, na uulize vya wengine viko wapi. Na kama bomba lako liko Nanyuki au Timau, Februari ijayo lifunge usiku, mto upite.